Madaftari ya marehemu baba: niyatoe bure au tuyauze?

Assalamu alaykum Somo,

Natumai hujambo na watu wa kwako wote hawajambo. Mie ni msomaji wako wa siku nyingi, niko Wete, Pemba, nina miaka 36, mama wa watoto wawili na nafundisha skuli ya msingi. Jina langu naomba usilitoe maana huku tunajuana sote. Barua ndefu unisamehe, nimeiandika siku tatu, usiku usiku watoto wakishalala.

Marehemu baba alikuwa maalim wa Kiswahili, kafundisha zaidi ya miaka thalathini, na umri wake wote alikuwa na kazi moja ambayo hakuna aliyemtuma, kukusanya maneno ya Kipemba. Msimu wa karafuu utamkuta kakaa na wanawake wanaochambua, yeye anasikiliza tu, ikipita kauli hajawahi kuisikia ndo anatoa kalamu mfukoni. Kaenda Kojani kwa wavuvi, kaenda Tumbe, Micheweni, mpaka Makangale, na baskeli ile ile. Kaacha madaftari 11, yale manene ya kaunta buku, na kila neno kaandika maana yake, linasemwaje, nani kamwambia, wapi na lini. Mfano kuna ukurasa wa pepo na maji, matlai, umande, bamvua, maji mafu, kila neno lina mvuvi wake na jina la baba wa huyo mvuvi, alafu pembeni kwa herufi ndogo kaandika "kahawa kalipa yeye, nina deni". Na kuna kurasa kama kumi na kitu hivi juu kabisa kaandika kwa wino mwekundu "isitoke", nyingi ni za miti ya dawa na mambo ya makungwi, hizo sijazitaipu bado kwa sababu mwandiko wake pale mgumu.

Kafariki mwaka jana mwezi wa Rajabu. Siku mbili kabla aliniita akanambia, "Mwanangu yale madaftari yasife na mie, yatoe watu wasome, mie mwenyewe nimepewa bure." Chumbani tulikuwa wawili tu mie na yeye.

Basi nikakaa na laptopu miezi minane, kila usiku, mpaka mume wangu akawa ananitania kuwa nimeolewa na madaftari. Nilipomaliza mawili ya mwanzo nikatengeneza faili la pdf, ukurasa wa kwanza nikaweka jina la baba na dua yake, nikalirusha kwenye grupu letu la WhatsApp la walimu. Wiki moja tu likanirudia kutoka kwa binamu yangu Muscat, likaja tena kutoka Dar, watu hawajui hata kuwa mie ndo nilolitoa. Wallahi nililia kwa furaha.

Sasa matatizo. Mwezi uliopita nilipita duka moja la fotokopi hapa mjini nikalikuta linauzwa, limetiwa spairo na jalada la bluu, elfu 5. Nikalifungua, ukurasa wa kwanza haumo. Jina la baba halimo, dua haimo. Nikamuuliza kijana akanambia, "Dada hii ya WhatsApp, ya WhatsApp haina mwenyewe." Sikuwa na la kumjibu nikatoa elfu 5 yangu nikanunua kazi ya babaangu mwenyewe nikaondoka.

Hapo hapo pakaja wachapishaji wa vitabu kutoka bara, wanataka madaftari yote 11, wanatoa milioni 3 mara moja, na mkataba wa kurasa nne unasema haki zote, kwa muda wote, kwa namna zote, na mie niache kabisa kugawa pdf. Kakaangu anataka tusaini kesho. Bi mkubwa ana sukari na presha, dawa kila mwezi, na paa la jiko limeanguka. Kaka ananambia, "Baba kaacha mali, weye unagawa urithi wa watu kwenye simu." Tangu Mfungo Mosi hatuzungumzi vizuri, salamu tu. Mdogo wetu wa kike yuko Unguja anasoma, yeye anasema tutakavyoamua.

Kuna na mtafiti wa chuo kikuu kimoja huko Ulaya, mtu mstaarabu, anataka kuyaweka kwenye hazina ya wazi ya intaneti ili yeyote duniani asome na atumie bila kulipa, hata wanaotengeneza programu za lugha. Kaniletea fomu ina vibox vya kuweka tiki, aina za leseni, kwa Kiingereza, nami sijui kipi kinamaanisha nini. Baba angependa hili naamini.

La mwisho ndo lilonivunja kabisa. Kijana mmoja wa Kojani kanipigia simu, kaliona faili, akasema, "Bibiangu yumo kwenye daftari la babaako mara kumi na saba. Sasa mkiuza sie tunapata nini, na mkitoa bure nani kakuruhusuni?" Nikamwambia ntakupigia. Sijampigia mpaka leo.

Somo, je kwa kuwa nishalitoa WhatsApp haki ya baba imeshapotea? Nikitoa bure nawadhulumu ndugu zangu? Nikiuza namdhulumu baba? Nimechoka, nisaidie.

Mtoto wa Maalim, Wete

MAJIBU YA SOMO

Waalaykum salaam mwanangu. Mwenyezi Mungu amrehemu Maalim, amfanyie wepesi, na nawe akulipe kwa usiku wa miezi minane, maana kutaipu mwandiko wa mzee aliyefariki ni kazi ya mikono na ya moyo pia, kila ukigeuza ukurasa unamsikia.

Barua yako nimeisoma mara tatu na kila mara nasimama pale pale, "kahawa kalipa yeye, nina deni". Ntarudi hapo.

Kwanza niseme nilivyokuelewa, ukiona nimekosea unisahihishe. Una amana ya babaako ambayo unaamini alitaka itoke bure. Ulianza kuitoa, watu wakaipokea kwa mikono miwili, alafu mtu akaikata jina akaiuza. Sasa pande tatu zinakuvuta, kakaako na mkataba wa milioni 3, mtafiti na fomu yake, na kijana wa Kojani na suali lake, na weye katikati umelifanya jambo lote liwe mizani ya sahani mbili, ama namdhulumu baba ama nawadhulumu ndugu. Mie nadhani sahani ni nyingi zaidi kuliko mbili, ndo maana naomba twende taratibu.

Hilo la WhatsApp nalitoa mwanzo kwa sababu jibu lake liko wazi na litakupunguzia mzigo. Haki haijapotea. Kijana wa fotokopi kasema wanavyosema wengi, kwamba kitu kikishaingia kwenye simu hakina mwenyewe, lakini sheria haisemi hivyo. Hakimiliki inazaliwa pale pale mtu anapoandika, haisubiri muhuri wala ada. Huo ndo msingi wa Mkataba wa Berne, mkataba wa kimataifa wa mwaka 1886 ambao Tanzania imo tangu 1994, na huo huo unasema kazi ilindwe muda usiopungua miaka 50 baada ya mtunzi kufa, yaani mpaka wanao watakuwa na wajukuu. Unatambua pia haki ya mtunzi kutajwa jina lake, na haki hiyo inabaki hata kama haki za pesa keshaziuza. Kwa hivyo ukurasa ulochanwa ni kosa peke yake, mbali na zile elfu 5. Kurusha faili ili watu wasome hakumpi mtu ruhusa ya kulifanya bidhaa, wala ya kumfuta Maalim.

Lakini elewa na upande wa pili. Hukuandika popote kwenye faili watu waruhusiwe nini na wasiruhusiwe nini. Ulilirusha kwa mapenzi tu. Mwema alisoma akaomba dua, mwenye duka akaona biashara, na mtu wa tatu, mwalimu wa Mkoani mathalan, anataka kulitumia darasani lakini anaogopa kwa sababu hajui kama anaruhusiwa, na huyo wa tatu ndo anayeniuma zaidi maana hutomsikia kabisa.

Duka la fotokopi unaweza kulifuata kwa njia zaidi ya moja. Zanzibar tuna sheria yetu wenyewe ya hakimiliki, ya mwaka 2003, na ofisi yetu COSOZA, kwa sababu hakimiliki si jambo la Muungano. Bara wana sheria yao ya 1999 na ofisi yao. Hilo lishike vizuri, mana wachapishaji wako ni wa bara na duka liko Wete, unasimama kwenye sheria mbili. Kulalamika COSOZA unaweza, na kuisajili kazi kule kunasaidia siku mkibishana nani mwenye nayo, japo haki yenyewe haitegemei usajili. Ila mji mdogo huo, yule kijana pengine shangazi yake kasomeshwa na babaako. Unaweza kwenda kwanza na ule ukurasa wa jina mkononi, umwambie aurudishe kwenye kila nakala, uone anakupokea vipi. Hatari yake ni kwamba ataona umemruhusu kuuza, basi kabla hujatoka nyumbani jua unachokitaka, jina lirudi tu au na kuuza kukome.

Sasa nije kwenye linalonitia wasiwasi kidogo, na nakwambia kwa mapenzi. Barua nzima unasema "nitoe", "niuze", "nimdhulumu". Mwanangu, madaftari hayo ni yako peke yako? Karatasi zinaweza kuwa ziko kabatini kwako, lakini haki ya mtunzi ni mali na mali ya marehemu ina warithi. Hata wanavyuoni walilizungumza hili, Majmaa ya Fiqhi ya nchi za Kiislamu katika kikao chao cha Kuwait mwaka 1988 walikubali kuwa haki ya mtunzi ni haki yenye thamani ya mali na haifai kuivunja. Kwa hivyo kakaako aliposema urithi wa watu, kauli ilikuwa kali lakini neno lenyewe halikuwa la kipuuzi.

Tufanye hesabu ili tusizungumze hewani. Kama babu na bibi zako wa kuumeni washatangulia, na warithi ni Bi mkubwa, kakaako, weye na mdogo wako, basi mama thumuni yake, na kilobaki mwanamme fungu mbili na nyie wanawake fungu moja moja. Milioni 3 inakuwa mama 375,000, kaka 1,312,500, weye 656,250 na mdogo wako 656,250. Nimekuandikia tarakimu makusudi. Ziangalie. Kuna mtu ataziona akasema ni nyingi kwa paa la jiko na dawa za miezi kadhaa, na mwengine atasema hizi ndo thamani ya baskeli ya Makangale miaka thalathini, na wote wawili wanapenda familia ile ile. Na wala sidhani kakaako ni mtu wa tamaa, dawa za kila mwezi ananunua nani? Hukuniambia, lakini nahisi.

Na ule usia. Mie nakuamini kabisa kuwa Maalim alisema maneno yale. Lakini ulisikia peke yako, na wasia kwa kawaida haupiti thuluthi ya mali mpaka warithi waridhie, na wenzako hawakuwepo chumbani. Kwa hivyo kutia tiki kwenye fomu ya mtafiti peke yako, usiku, kwa kuwa baba angependa, kunaweza kuwa ni kutoa kisichokuwa chako chote. Nenda kwa kadhi au mwanachuoni mnayemwamini mkiwa nyote, awasomee. Si kwa ugomvi. Watu wengi hapa kwetu wanagawana mashamba ya mikarafuu kwa kadhi alafu jioni wanakula sahani moja.

Sasa fomu. Nahisi vile vibox ni leseni za Creative Commons, zilianza kutolewa mwaka 2002 na kundi la watu Marekani akiwemo mwalimu wa sheria Lawrence Lessig, na ndo hizo hizo inazotumia Wikipedia. Mie nilipozifahamu nilifananisha na wakfu, sijui weye utaonaje. Mtu akiweka shamba wakfu kwa msikiti, shamba haliuzwi tena wala halirithiwi, matunda yanaendelea kuliwa, na mwenye kuweka ndo anayetaja masharti. Leseni hizi si wakfu wa kisheria maana umiliki unabaki kwenu, ila zinakaribia hapo. Sharti la kwanza karibu zote, jina la mtunzi litajwe. Alafu unachagua, unaweza kukataza biashara, unaweza kukataza watu kuibadilisha kazi na kuisambaza ilobadilishwa, na unaweza kusema anayeongeza chake naye akitoe kwa masharti haya haya.

Kila kibox kina utamu na uchungu wake. Ukikataza biashara unamzuia yule wa jalada la bluu, sawa, lakini pengine umemzuia na mwenye duka la vitabu Micheweni ambaye angechapa nakala mia akaziuza kwa bei ya karatasi, na huko kijijini watu wengi hawasomi pdf, wanasoma karatasi. Ukikataza kubadilisha unailinda kauli ya Maalim isichezewe, ila mtu wa Tumbatu anayetaka kuyaoanisha na maneno ya kwao au mwalimu anayetaka kutengeneza toleo dogo la watoto atashindwa. Ukifungua kila kitu, programu ya lugha ya kampuni tajiri itakula maneno ya wavuvi wa Kojani, ikitaja jina la Maalim mahali ambapo hakuna anayesoma, na Kipemba kitapata kuwamo kwenye mashine badala ya kusahauliwa, na sijui kati ya hayo mawili lipi lingemtikisa kichwa zaidi. Na moja kubwa kuliko yote, leseni hizi hazirudishwi nyuma. Unaweza kuacha kugawa, lakini alochukua kachukua na ruhusa yake anabaki nayo. Kwa hivyo hata mkikubaliana, daftari moja linaweza kutangulia mkaona, kumi yakasubiri.

Mkataba wa wachapishaji nao si lazima uwe kama ulivyokuja. Watu wengi wanadhani mkataba ukishapigwa chapa ni kama aya, hauguswi. Unaguswa. Unaweza kuuliza, mtachapa nakala ngapi na lini? Mkichapa mara moja mkaacha, haki inarudi kwetu baada ya miaka mingapi? Kwa nini milioni 3 mara moja na isiwe asilimia kwa kila nakala, au kidogo sasa na asilimia baadae? Mnahitaji haki zote za nini, kama kazi yenu ni kuchapa karatasi? Inawezekana kuwapa haki ya kitabu cha karatasi tu, kwa miaka inayojulikana, na pdf ibaki kwenu mgawe. Kuna waliofanya hivyo, Cory Doctorow mwaka 2003 riwaya yake ya kwanza ilitoka dukani na siku hiyo hiyo akaiweka intaneti bure, na aliendelea kuandika na kuuza. Ingawa yeye anaandika Kiingereza na soko lake dunia nzima, msamiati wa Kipemba soko lake tunalijua. Wachapishaji wanaweza kusema basi hatutaki, wakaondoka na milioni zao, na hiyo ni hatari ya kweli ambayo mie siwezi kuifanya ndogo mbele ya mtu ambaye mamaake ana sukari. Mlango mwengine wa kubisha ni BAKIZA, Baraza la Kiswahili Zanzibar, wao wamewahi kuchapisha kamusi za lahaja zetu, ya Kipemba ikiwemo, hata kwa ushauri tu hawatoshindwa kukusikiliza.

Sasa kijana wa Kojani. Mpigie simu mwanangu, hata kama huna jibu.

Kisheria ukimuuliza wakili atakwambia neno halina mwenyewe. Bamvua si ya babaako wala ya yule bibi, ni ya kila anayeingia baharini. Kilicho cha Maalim ni maelezo yake, alivyochagua, alivyopanga, ile sentensi aliyoitunga kufafanua. Lakini kijana hakuuliza sheria, kauliza heshima, na hapo ndo narudi kwenye kahawa. Babaako aliandika nani kamwambia na akaandika na nani kalipa kahawa. Mtu anayeandika deni la kikombe cha kahawa hajaona kuwa kapewa bure kabisa. Weye umeshika neno lake la mwisho, "nimepewa bure", lakini madaftari yamejaa hesabu. Huoni kama ulipolirusha faili lile ulitoa maneno na deni likabaki kabatini?

Tuna mfano hapa hapa Unguja. Edward Steere, yule askofu Muingereza, alikusanya hadithi za Waswahili hapa mjini akazichapisha London mwaka 1870. Alifariki 1882, haki zimekwisha zamani, leo kitabu chake mtu yeyote duniani anakisoma bure kwenye intaneti. Kazi kubwa, bila yeye nyingi ya hadithi zile zingepotea. Ila jaladani jina ni lake, na wajukuu wa wale waliokaa wakamsimulia pengine wanapita Mkunazini hawajui kuwa sauti ya babu yao imo mle. Bure imepatikana, wenyewe pengine hawakuambiwa. Maalim yeye aliandika majina mpaka ya baba zao, kwa hivyo weye unaweza kufanya ambalo halikufanyika, uende Kojani, ukae, umsomee yule kijana na wazee wake zile mara kumi na saba, uwaulize wanataka bibi atajwe vipi. Wanaweza kufurahi. Wanaweza kusema jina litoke. Wanaweza kudai fungu, na hapo itabidi mzungumze, na kakaako awepo, kwa sababu kama mtauza fungu hilo litakatwa kwenye zile tarakimu nilizokuandikia.

Na kuna jambo umelipita kwa sentensi moja kama kitu kidogo. Zile kurasa za wino mwekundu. Umesema hujazitaipu kwa sababu mwandiko mgumu. Je mwandiko ungekuwa mzuri ungezitia? Babaako alikwambia yatoe watu wasome, na babaako huyo huyo alichukua kalamu nyekundu akaandika "isitoke". Makungwi na waganga walimwambia mambo yale kwa masharti, na yeye akayashika miaka yote bila sheria wala polisi kumsimamia. Sasa mkataba unataka madaftari yote 11, kwa namna zote. Fomu ya mtafiti ukiitia tiki bila kutenga, nayo inachukua yote. Njia yoyote mtakayoichagua, ya kuuza, ya bure, au nusu kwa nusu, kurasa hizo zinahitaji mazungumzo yake peke yake, tena kabla ya saini yoyote na kabla faili halijatoka kwenye laptopu yako. Pengine baadhi ya waliosema wangali hai waulizwe.

Sikwambii saini wala usisaini. Mkataba wa watu wanaokutaka kweli unaweza kungoja mwezi mmoja, na mtafiti mstaarabu atangoja hata zaidi. Katika mwezi huo usilirushe daftari la tatu, na faili la yale mawili lirudie, safari hii na ukurasa unaosema waziwazi nani katunga, nani kasimulia, na kwamba familia bado haijaruhusu kuuzwa.

Jambo jengine, na hili limenijia nilipoisoma barua mara ya tatu. Umenambia kakaako anataka nini, mtafiti anataka nini, wachapishaji, kijana wa Kojani, hata mdogo wako wa Unguja umenipa kauli yake. Bi mkubwa umenitajia sukari yake na presha yake na paa la jiko lake. Yeye anataka nini hujaniandikia, na sidhani kama kuna aliyemuuliza. Ndiye aliyekuwa akimfungulia Maalim mlango anaporudi na ile baskeli, na madaftari yale yalikaa chumbani kwake miaka yote. Labda alisikia kauli nyengine ambazo weye hukuzisikia. Kaa naye siku moja baada ya alasiri, mchukulie lile daftari lenye ukurasa wa pepo, alafu uniandikie alichosema.